Kioo cha Bi Edelmira

Mwezi wa sita, Punta Arenas, jua ni mgeni asiyekaa:
linabisha saa nne asubuhi,
saa kumi na moja limeshashika kitasa,
na muda wote huo halikuvua koti.
Kwa jua la namna hiyo skrini haiivi.

Mashine ya kuivisha ipo, inauzwa Santiago.
Bei yake ni kodi yetu ya miezi mitano,
bado hujalipa meli.
Nolfa aliisoma ile bei mara mbili,
akaenda chumbani, akang'oa droo ya kabati,
akamwaga soksi zangu kitandani.
"Hili ndilo sanduku," akasema.

Tukalivika foili ya kuokea.
Taa za zambarau, utepe wa mita tano,
tuliuziwa na kijana aliyefunga disko yake;
tukazilaza chini ya droo, huku na huku,
kama mshono wa mtu anayejifunza cherehani.
Transfoma ilitoka kwenye kompyuta iliyokufa.
Nililehemu nyaya kwa glavu zisizo na vidole,
risasi ikaganda kabla sijapuliza.
Nikaunguza meza. Nikaunguza na kidole,
kile kile cha mwaka jana.

Kikabaki kioo.
Cha dirisha hatukuthubutu; upepo wa hapa hauombi ruhusa.
Mama mkwe, Bi Edelmira Oyarzo, alikuwa jikoni anamenya viazi.
Akafuta mikono, akapanda kiti,
akashusha ukutani picha ya harusi.
Miaka hamsini na mmoja kioo kile kilimfunika yeye
na mume aliyevuka mpaka kufuata makaa ya mawe.
Zilirudi barua mbili. Yeye hakurudi.
"Mtanirudishia," akasema. "Na msikikwaruze."

Usiku, chini ya taa nyekundu, tukapaka wavu dawa,
nzito, kijani, kama supu ya njegere.
Mchoro: kaa, gando moja juu,
na chini yake, kwa mwandiko wa Nolfa,
VIDOLE VYETU SI BARAFU.
Fulana arobaini, za akina mama wa kiwanda cha kaa.
Mgomo Jumatatu. Leo Ijumaa.

Juu ya skrini sifongo, juu ya sifongo ubao,
juu ya ubao mifuko miwili ya chumvi na pasi ya chuma.

Dakika tatu. Tukapiga maji:
kaa, gando, maneno, vyote vikateremka na bomba la bafuni.
Dakika kumi na tano. Tukapiga maji:
hakikutoka kitu. Ungeweza kuifanya mlango.

Ndipo Nolfa akakata boksi la viatu,
akafunika, akawa anafunua kila dakika,
upana wa kidole, upana wa kidole,
midomo ikihesabu bila sauti.
Saba.
Mwanga hugandisha unachokiona;
kilichojificha chini ya wino mweusi hubaki laini,
maji yakakichukua, na hapo ndipo rangi inapopita.
Nikaanza kusema jambo kuhusu hilo.
Nolfa akaniambia nishike hosi vizuri.

Alfajiri fulana zilining'inia hadi chooni.
Na kila moja, kando ya gando,
ilikuwa na duara dogo lenye matundu mawili.
Nikageuza kioo:
kipande cha picha, cheusi, kimeng'ang'ania pale,
si kikubwa kuliko dengu.
Nikachukua wembe.

"Acha."
Bi Edelmira alikuwa amevaa miwani.
"Hicho kifungo cha koti la Belarmino. Cha tatu.
Nilikishona mwenyewe asubuhi ya harusi,
uzi haukufanana, hakuna aliyejua."
Akapitisha ukucha juu ya fulana, moja, ya pili, ya tano.
"Mna wino wa kutosha moja zaidi?"

Jumatatu langoni walisimama arobaini na mmoja,
upepo ukivuta vitambaa ubavuni.
Picha iko ukutani, haina kioo,
bwana harusi ana tundu kifuani.
Kioo kipo kwenye droo.
Soksi zangu zimo kwenye gunia la viazi.